Hewa ya Kurudi Nayo

Jioni moja ya Novemba nilimpigia baba simu nikiwa Utende, Mafia. Nilimwambia kwamba kesho yake asubuhi tungezamia kwenye mlango wa Kinasi, pale Ghuba ya Chole inapofunguka kwenda bahari kuu. Nilidhani ataniuliza kama naogopa. Hakuuliza, wala hakutaka kujua kina ni mita ngapi. Alisema tu, "Mwezi una siku ngapi leo?"

Nikatoka nje kuutazama. Ulikuwa umesimama juu ya mikoko, mzima, bado mwekundu. "Kumi na nne, baba."

"Basi hayo ni maji ya bamvua, mwanangu. Asubuhi yatakuwa yanakupwa, na yatakupwa kwa nguvu mpaka kwenye saa nne. Mkiingia mlangoni saa mbili yatawabeba yatoke nanyi nje. Muulize nahodha wenu kama analijua hilo."

Baba hajawahi kubeba tenki mgongoni. Ni mvuvi wa madema, mitego ya samaki ya kusukwa kwa fito, wa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, na kwa zaidi ya miaka arobaini amekuwa akishusha madema yake mahali asipopaona. Anajua kwa timazi, kwa rangi ya maji, kwa mnazi fulani ukilingana na kilima fulani. Tangu nikiwa mdogo nimewasikia yeye na baba mdogo wakibishana jambo moja lisiloisha: dema likikaa chini, mlango wake uelekee mkondo unakotoka au unakokwenda? Kila mmoja ana hoja zake na samaki wake wa kuthibitishia. Hakuna aliyewahi kushuka kuangalia.

Mimi nimeshuka. Si kwa sababu ya dema, lakini ninapojiuliza kwa nini binti wa Kigombe anayefanya kazi maabara hospitalini, Dar es Salaam, alikusanya pesa mwaka mzima ili akavute hewa chini ya maji, jibu huanzia hapo. Nyumba nzima ilikula kutokana na mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepajua kwa macho.

Nilizaliwa pwani na sikujua kuogelea mpaka nilipofikisha miaka thelathini na moja. Kwetu wavulana ndio walioruka majini. Sisi wasichana tulikwenda na kina mama kuokota kombe na kuchokoa pweza maji yakishakupwa, kimo cha magoti, na yalipoanza kurudi tulirudi nayo. Mwaka 2017 nikaanza kujifunza kuogelea kwenye bwawa, kila Jumamosi kwa miezi mitano. Kozi ya kwanza ya kuzamia inamtaka mtu aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika 10 bila kushika kitu. Nilijiwekea kwamba sitapanda boti ya Unguja mpaka niweze mara mbili ya hapo, na nashukuru nilifanya hivyo. Mtu anayehofia maji ya juu hawezi kutulia chini, na chini asiyetulia hewa yake haidumu.

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa haina msamaha: usizuie pumzi. Ukifika mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Hewa uliyoivuta mita 10, ukapanda nayo bila kuiachia, ikifika juu itataka nafasi mara mbili, na kifua hakina nafasi hiyo. Wale vijana wa kwetu wanaozamia pweza kwa pumzi moja hawana hatari hii, kwa sababu pumzi yao wameivutia juu: inabanwa wakishuka na kurudi ilivyokuwa wakipanda. Mwenye tenki ndiye anayevuta hewa iliyokwisha kubanwa. Kwa hiyo unapumua tu, polepole, muda wote, na ukipanda unapanda taratibu, si zaidi ya mita 9 kwa dakika. Kabla ya kutoka unasimama mita 5 kwa dakika tatu, ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke kwa utulivu.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, miezi michache baada ya kozi. Siku mbili kabla nilikuwa na mafua. Nilikuwa nimelipia, nimeomba ruhusa kazini, nimelala Matemwe usiku kucha nikiusikia mwamba ukivunja mawimbi kwa mbali. Nikanyamaza. Asubuhi nikameza dawa ya kufungua pua. Mimi, mtu wa maabara, ninayejua kwamba dawa ina muda wake.

Kushuka kulikwenda vizuri. Niliziba pua na kupuliza kidogo kila mita moja kama tulivyofundishwa, masikio yakafunguka. Nikaona kasa amelala chini ya jiwe kama mzee aliyejipumzisha barazani. Nikawasikia pono kabla sijawaona, wakitafuna mwamba kwa sauti ya mtu anayevunja sukari guru kwa meno. Kiongozi alinionyesha mmoja akiachia nyuma yake wingu jeupe la mchanga, na siku ile ndipo nilipoelewa kwamba sehemu kubwa ya mchanga mweupe tunaousifia fukwe zetu imepita tumboni mwa samaki huyu. Nimemla pono mara nyingi maishani. Tangu siku hiyo simnunui.

Shida ilikuja wakati wa kupanda. Dawa ilikuwa imekwisha nguvu, pua imeziba upya, na hewa iliyokuwa ndani ya uvungu wa paji la uso ilikuwa inatanuka bila njia ya kutokea. Kwenye mita 8 nilihisi kama mtu ananisukumia msumari juu ya jicho. Nikashuka mita moja, ikapungua. Nikapanda, ikarudi. Nikashuka tena. Huwezi kukaa chini kwa sababu hewa ya tenki inakwisha, na huwezi kupanda kwa sababu ya kichwa. Kiongozi alinishika mkono akanipandisha nusu mita kwa nusu mita, akinitazama machoni. Ndani ya miwani niliona tone la majimaji ya rangi ya kijani iliyoiva, sikujua ni nini. Tulipofika juu kwenye jua, tone lile likawa jekundu. Ilikuwa damu ya pua yangu. Chini ya maji rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea. Changu mwekundu wa sokoni, ukimkuta mita 15 bila tochi, ni wa kijivu.

Kiongozi hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, ungeniambia, ningekurudishia siku yako." Nimeyakumbuka maneno hayo kila nilipoona mtu anapenga pua kwa kujificha kwenye boti, na huwa namfuata kumwambia. Ukiwa na mafua, usiingie. Bahari haiendi popote.

Mwaka 2018 nikarudi nyumbani na vifaa vya kukodi. Nilitaka kuyaona matumbawe ya Tanga, yale ambayo baba alikuwa akiyazungumzia kama shamba la urithi. Naandika kidogo hapa kwa sababu kila nikiandika zaidi nachoka. Palikuwa na sehemu nzima, na nzuri, zenye matumbawe ya meza yaliyotandazika na kangaja wakizunguka. Na palikuwa na sehemu ambapo mwamba uliishia ghafla, likafuata duara la vifusi, vipande vya ukubwa wa kidole vya kijivu, kimya, bila hata samaki wa kupita. Baruti. Uvuvi wa baruti ulikatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970, na bado tulikua tukiusikia mlio wake kama watoto wengine wanavyosikia treni. Jirani yetu mmoja alipoteza kiganja. Operesheni za kuanzia 2016 ziliupunguza sana, na ninawashukuru waliozisimamia, lakini vifusi haviwi mwamba kwa amri: vinabiringishwa na kila bamvua, na tumbawe changa haliwezi kushika mahali pasipotulia. Hata palipokosa baruti palikuwa na joto la 1998, mwaka wa El Nino, matumbawe yalipopauka na mengi kufa katika eneo kubwa la magharibi mwa Bahari ya Hindi. Nilipomwambia baba kuhusu duara lile alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza liko usawa wa mnazi gani. Nilimwambia. Akasema, "Ndiyo. Pale paliacha kutoa."

Watu huniuliza kwa nini niliingia pia kwenye meli zilizozama, maana Mswahili anaona mahali palipokufa watu hapachezewi. Ni kweli, na ndiyo sababu nachagua. Ya kwanza niliyoiona ni Great Northern, nje kidogo ya Mji Mkongwe, kwenye mita 12 hivi, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu, simu za maandishi, baharini, iliyozama mwaka 1902. Imebaki mbavu. Kati ya mbavu kuna mikunga wanaochungulia, na makundi ya samaki wadogo wanaofumbuka na kufunga kama pazia. Karibu na hapo, kwenye bandari ya Unguja, ndipo manowari ya Kiingereza Pegasus ilipopigwa na meli ya Kijerumani Königsberg alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani. Hiyo sikuizamia. Nilikwenda makaburini, nikasoma majina, nikarudi.

Dania ya Mombasa ni jambo jingine. Ilikuwa meli ya kubeba mifugo. Ilisafishwa na kuzamishwa makusudi mwaka 2002 mbele ya fukwe za kaskazini mwa mji, ili iwe makazi ya samaki na mahali pa wazamiaji. Imekaa wima kwenye mchanga, kwenye mita 30 hivi. Nilikwenda Februari 2022, majira ya kaskazi, maji yana nyuzi 28, bahari imetulia kama maziwa mtungini.

Tulikuwa wageni sita na kiongozi mmoja. Tulikuwa wengi mno kwa kina kile, na maelezo kabla ya kuingia yalikuwa mafupi: shuka kwa kamba ya boya, zunguka meli, msiingie ndani, tukutane kwenye kamba. Hakuna aliyesema kila mmoja aonyeshe geji yake, saa inayopima kwa baa mgandamizo wa hewa iliyobaki kwenye tenki, ikifika baa ngapi. Niliona, na sikuuliza. Nililiacha lipite kwa sababu wenzangu walikwisha kuanza kuvaa.

Mwenza wangu alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Nairobi, mtu mkubwa wa mwili, mpole, aliyemaliza kozi ya pili wiki ile ile. Tulishuka. Kwanza hakuna kitu, bluu tu inayozidi kuiva. Halafu chini yako kivuli kinapata kingo, kingo zinakuwa nguzo, na unatambua kwamba unaelea juu ya sitaha ya meli kama ndege juu ya paa la nyumba. Matumbawe laini yamevaa reli zote. Chini ya shetri, kwenye giza, alikuwa chewa mkubwa kuliko mtoto wa miaka kumi, akifungua na kufumba mdomo kama anayetaka kusema jambo akaghairi.

Nilimtazama. Nilijisikia vizuri kupita kiasi, mwepesi, sina haraka. Wazamiaji wanaujua ulevi huu: naitrojeni ya kina inalegeza akili kidogo kidogo bila mwenyewe kujua, na dalili yake ya kwanza ni kuona kila kitu kiko sawa. Kilichoniamsha ni mazoea ya kazini. Maabara tunasoma saa kila baada ya hatua, na mkono wangu ulinyanyua geji wenyewe. Baa 100. Nusu ya tenki. Nikageuka kumwonyesha mwalimu, akatazama pembeni. Nikamwomba yake kwa ishara, akasita. Nikaivuta mwenyewe.

Ilisoma 30.

Ngoja nieleze hesabu, kwa sababu baadaye niliifanya kwenye karatasi na ikanitisha kuliko pale chini. Tenki la lita 12 likijazwa baa 200 lina lita 2,400 za hewa. Ukitoa baa 50 za akiba, unabaki na lita 1,800. Mtu mkubwa, mgeni wa kina, mwenye wasiwasi anaweza kuvuta lita 25 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 30, kila pumzi inachukua hewa mara nne, kwa hiyo anavuta lita 100 kwa dakika. Dakika kumi na nane, basi. Mimi ninayevuta kidogo ningekuwa bado natazama samaki. Akiba yake ya baa 30 ilikuwa lita 360, yaani dakika tatu na nusu kama asingeshtuka, na mtu aliyeona geji yake hivyo hashindwi kushtuka.

Nilimpa regyuleta yangu ya akiba, kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya tenki, ile ya njano ambayo wenyewe huiita pweza. Akaichukua, akaiweka mdomoni, akapuliza maji yakatoka. Tukashikana mikanda ya mabega, kulia kwa kulia. Nikamwinulia kidole gumba: tupande. Kiongozi alituona kutoka upande wa omo akaja mbio. Tukapanda tukitazamana machoni, macho yake yakiwa makubwa nyuma ya kioo, mimi nikihesabu pumzi zake kwa mkono ili azifuate: vuta, moja, mbili, tatu, toa, moja, mbili, tatu, nne. Mita 20. Mita 15. Kwenye mita 5 tukasimama, watu wawili kwenye tenki moja, dakika tatu. Sijawahi kuishi dakika tatu ndefu kama zile, na sijawahi kusali kwa utulivu kama vile. Tulipotoa vichwa juu geji yangu ilikuwa 50.

Kwenye boti hakusema kitu mpaka tulipokaribia pwani. Kisha akaniambia kwamba aliona 100, akaona 70, akaona 50. Alijua. "Niliona aibu, dada. Watu sita wamelipa, na mimi ndiye niwakatize?"

Sikuwa na la kumjibu kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulipa bei hiyo hiyo Mnemba, kwa pua. Aibu ya kusema turudi. Sisi tuliolelewa tusisumbue wageni wala wenyeji, tunaosema "hamna shida" kabla swali halijaisha, tunayo aibu hii kwa wingi, na ni lazima tuiache kwenye boti pamoja na viatu. Tangu Dania, kabla ya kuzamia na mtu yeyote namwambia kwa mdomo: ukifika 120 unionyeshe, nikifika 120 nakuonyesha, 100 tunageuka, na atakayesema kwanza ndiye ninayemshukuru. Nina daftari ninaloandika baa za kuingia, baa za kutoka, kina, dakika. Mwanzo nilikuwa navuta lita 22 kwa dakika. Sasa ni 14. Sikujikaza, ukijikaza unapata maumivu ya kichwa. Ni vipande vichache zaidi vya risasi, ile ya uzito, kwenye mkanda, mikono isiyopigapiga maji, na kutotaka kuona kila kitu.

Basi turudi Kinasi na mwezi wa kumi na nne.

Usiku ule nilimfuata kiongozi wetu, kijana wa Jibondo, nikamwambia baba yangu mvuvi ameniuliza habari za maji. Akacheka kwa furaha. "Mzee anasema kweli. Kesho asubuhi hatuendi mlangoni." Mlango ule unazamiwa maji yakijaa, wakati bahari safi ya nje inaingia ghubani na kukupeleka ndani, upande wa nyumbani. Yakikupwa ni kinyume chake. Kwa bamvua, hata yakijaa, unangojea yaanze tu, kabla hayajashika kasi.

Asubuhi wageni wawili walinung'unika. Walikuwa na ndege kesho yake, na mtu aliyezamia mara kadhaa anatakiwa angoje saa 18 kabla ya kuruka, kwa hiyo asubuhi ile ndiyo iliyokuwa nafasi yao pekee. Kiongozi aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akasema kwa upole kwamba mlangoni hatuendi, ila kuna bustani ya matumbawe ndani ya ghuba ambayo kisiwa kinaikinga. Mmoja alitaka arudishiwe pesa. Kijana akasema zitarudishwa. Nilimtazama jinsi alivyosema, bila kuomba radhi na bila kukasirika, na nikatamani mwalimu wa Nairobi angekuwepo. Mimi mwenyewe huwa narudi kwa boti ya Kilindoni hadi Nyamisati. Ni safari ndefu, lakini haina masharti ya saa 18.

Tukaingia. Mita 11, maji yana ukungu kidogo wa kupwa, matumbawe ya njano na zambarau kama jamvi la harusi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na imegawanywa: kuna maeneo yasiyovuliwa kabisa na kuna maeneo ambayo wenyeji wanavua kwa vyombo visivyoharibu. Tulikuwa kwenye haya ya pili. Na pale, mchangani, ubavuni mwa jiwe, nikakuta dema.

Nilikuwa sijawahi kuliona dema likiwa kazini. Nimeyaona maelfu, uani, mchangani, kichwani kwa baba. Nikajilaza kwa mbali, nikatoa hewa kidogo kwenye jaketi la kuelea nikatulia, nikamwonyesha kiongozi kwamba nakaa hapa. Alielewa, akakaa pia. Ndani ya dema walikuwamo mkundaji wawili na kangaja mmoja. Nje walikuja tasi, saba au wanane, wakalizunguka mara moja, mara mbili, wakigusa fito kwa mdomo. Mmoja akaingia. Si kwa kunaswa. Aliingia kama mtu anayeingia dukani. Akatoka. Akaingia tena, na wawili wakamfuata kwa sababu yeye ameingia, na safari hii hawakuuona mlango. Wakaanza kuzunguka ndani, kwa mwendo ule ule wa wale wa nje, ukuta wa fito katikati yao. Hawakupiga kelele, hawakujipigiza. Nilihisi huruma na nilihisi fahari, vyote pamoja, kwa sababu kazi ile ya mikono, yenye matundu ya kumpitisha mdogo na kumbakiza mkubwa, nimeiona ikisukwa tangu nizaliwe.

Geji ilisema 100. Nikageuka.

Wiki ya pili yake nilikwenda Kigombe. Baba alikuwa kibarazani anasuka, fito zimelowekwa kwenye beseni, baba mdogo amekaa kwenye mkeka anamenya muwa. Nikawaamkia, nikakaa, nikawasimulia: mkundaji, kangaja, tasi wa kwanza alivyoingia na kutoka, wengine walivyomfuata. Baba aliacha kusuka. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho alikaa kimya, akitazama kazi iliyo magotini kwake kama kwamba imefunguka ubavuni.

"Kwa hiyo anatoka," alisema. "Anaingia na anaweza kutoka."

"Wa kwanza alitoka, baba."

Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akaweka muwa chini. Nikajua swali kabla halijaja, na nikajua kwamba sina jibu.

"Na mlango," baba aliniuliza, "ulikuwa umeelekea mkondo unakotoka au unakokwenda?"

Dakika kumi nzima nilikuwa mbele ya dema lile. Nilihesabu samaki, nilihesabu baa, nilihesabu pumzi zangu. Mlango nilikuwa nautazama, na mkondo nilikuwa nausikia ukinisukuma mgongoni au kifuani, sikumbuki upi.

"Sikuangalia, baba."

Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Baba aliokota fito, akaipitisha mahali pake, akaivuta ikakaza.

"Basi ukirudi, angalia."

Nikatoa daftari mkobani. Chini ya tarehe ile, chini ya baa za kuingia na baa za kutoka, nikaandika: mlango wa dema. Baba mdogo akaninyooshea kipande cha muwa, akaniambia niandike na mwezi ulikuwa na siku ngapi.